Uzi Mwekundu wa Babu Shingo

Mji mzima ulimwita Mama Sindano. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, ndani ya kopo la biskuti, halimsumbui mtu. Kazi yake ilikuwa kushona nyavu zilizochanika, kazi aliyorithi kwa mama yake pamoja na sindano ya pembe, kigoda cha miguu mifupi na maumivu ya mgongo. Chumba chake kilikuwa cha pili kutoka gatini. Kwenye boriti kulikuwa na misumari mikubwa ya kutundikia nyavu, chini saruji iliyong'aa kwa kukaliwa, na mlango haukufungwa mchana kwa sababu wavu mkubwa hauenei ndani. Nusu ulilala chumbani, nusu barazani, na wapita njia waliinua miguu wakaruka huku wakimsalimia. Asiyeinua miguu alitukanwa, awe nani.

Mdomo anao, yule mama. Na katika mji ule uliokula, uliovaa na uliosomesha watoto kwa jina la Babu Shingo, yeye peke yake ndiye aliyesema waziwazi kwamba Babu Shingo hayupo.

Babu Shingo ni mnyama wa ziwani, au ndivyo wanavyosema. Shingo ndefu kama mlingoti, kichwa kama cha kondoo, mgongo unaotokeza majini kama mitumbwi mitatu iliyopinduliwa. Huibuka alfajiri, kukiwa na ukungu. Alichorwa kwenye ukuta wa hoteli, kwenye kofia, kwenye mifuko ya mkate. Kila aliyemwona alimwona kwa mbali, na kila aliyemwona alikuwa peke yake, au amelewa, au ana kitu cha kuuza.

"Ana miaka mingapi huyo babu yenu?" Mama Sindano angeuliza, sindano ikienda, macho hayainuki.

"Mia nne, Mama."

"Anakula nini?"

"Samaki."

"Na mavi yake yako wapi?"

Baraza zima lingeangua kicheko.

"Msicheke, nauliza. Kiboko akinya, ziwa zima linajua. Huyu mkubwa kuliko gati, miaka mia nne hajaenda haja? Basi si mnyama huyo, ni ugonjwa."

Hakusema hivyo kwa ubishi tu. Alijua kwa mikono. Wavu uliochanika ulikuwa kwake kama kidonda kwa daktari, akiutazama anajua kilichoujeruhi. Gogo huvuta nyuzi zikarefuka kabla hazijakatika, na huacha maganda ya mti kwenye mafundo. Mwamba husaga, uzi unakuwa kama pamba chafu. Mamba huuma pande mbili halafu hujizungusha, kwa hiyo wavu unarudi umesokotwa kama nguo iliyokamuliwa. Miaka ishirini na sita aliyokaa kwenye kigoda kile hakuona hata jeraha moja ambalo hakulijua mwenyewe wake.

Sasa hapa inabidi desturi ya gati lile ielezwe, maana ndiyo iliyommaliza. Nyavu na mitumbwi havikuwa vya wavuvi, vilikuwa vya tajiri. Wavu ukichanwa na gogo au mwamba, ule ni uzembe wa mvuvi, na gharama ni juu yake. Lakini wavu ukichanwa na Babu Shingo, hasara ni ya mwenye wavu, kwa kuwa mnyama yule hakuna wa kumzuia wala wa kumshtaki. Na nani wa kuamua kama ni gogo au ni Babu Shingo? Mshonaji. Akishaukagua, alifunga uzi mwekundu kwenye kamba ya maboya, kwa fundo lake analolijua yeye, na fundo hilo halikubishiwa na mtu. Mama yake, katika miaka arobaini, alifunga uzi mwekundu mara nne. Ni zile mara nne alizoshindwa kujua.

Mama Sindano naye alianza vizuri. Mwaka wake wa pili kazini, mvuvi mmoja alimletea wavu wenye shimo la kupita ng'ombe, maganda ya mti bado yamo. Hakuomba kitu, maskini. Alikaa kizingitini akatazama miguu yake. Mkewe alikuwa hospitali tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na kila alichokuwa nacho kilikuwa kimekwisha kwenda huko. Mama Sindano alitazama maganda, akamtazama yule bwana, akayabandua maganda moja moja na kuyatupa nje. Kisha akafungua kopo la nyuzi, akatoa uzi mwekundu.

Akajiambia ni mara moja tu. Haya, nani hajawahi kujiambia hivyo?

Wa pili alikuja na mtoto mgonjwa. Wa tatu alikuwa amefiwa. Wa nne hakuwa na shida yoyote ila alijua kwamba watatu waliotangulia wamefungiwa, na Mama Sindano akaona haya kumnyima. Ikawa ndiyo hivyo. Asubuhi barazani alikuwa anawacheka wanaomwamini Babu Shingo, na mchana chumbani alikuwa anamfungia uzi. Wavuvi walijua. Hawakusema kitu, walimletea samaki waliofungwa kwenye gazeti na kumwita mama yetu.

Mwanawe wa pekee ndiye aliyemwambia ukweli. Alimlea peke yake, kwa maana baba wa mtoto alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo hukohuko. Mtoto alikua akimshikia nyavu, maana tundu la mwisho halifungiki vizuri bila mtu wa kuvuta upande wa pili. Alipokuwa mtu mzima akawa mvuvi, lakini jioni bado alikaa sakafuni, akavuta wavu, akamtania.

"Mama, wewe humwamini Babu Shingo, lakini wewe ndiye unayemlisha."

"Mimi nalisha watoto wa watu. Vuta huko."

"Siku moja atanenepa."

"Vuta, nimesema! Unaongea kama redio."

Na kweli alinenepa. Tajiri mzee alipokufa, mwanawe alishika mali. Huyu alikuwa amesoma, ana miwani na maneno laini. Alipoona nyuzi nyekundu zinazidi mwaka hadi mwaka, wengine walidhani atakuja juu. Wapi! Alijenga hoteli yenye baraza ya kutazama ziwa, akanunua boti ya injini mbili ya kupeleka wageni alfajiri kumtafuta Babu Shingo. Akaagiza kila uzi mwekundu ukishafanya kazi yake ukatwe, upelekwe kwake. Akaziweka kwenye chupa kubwa ya kioo pale mapokezi, na kibao: "Kila uzi ni wavu mmoja." Wageni walipiga picha chupa wakiwa bado na mabegi mgongoni.

Akaja hata mtaalamu na mashine ya kutazama chini ya maji. Wiki tatu alizunguka ziwani, akapata miamba, mitumbwi miwili iliyozama na friji. Lakini kabla ya kuondoka alizihesabu nyuzi za kwenye chupa, akaandika kwamba mnyama, kama yupo, amekuwa mkali zaidi katika kizazi hiki. Mama Sindano alipohadithiwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Jirani yake, fundi viatu, alicheka naye. Mwanawe hakucheka.

Msiba ulitokea siku ya ukungu. Mwanawe alitoka alfajiri kwenye mtumbwi mmoja na mwenzake waliyekuwa wakimwita Pacha, si kwa kuzaliwa ila kwa kuzoeana: toka wadogo ukimwona mmoja, wa pili yuko nyuma anafunga kamba za viatu. Pacha alikula kwa Mama Sindano mara nyingi kuliko kwao. Asubuhi hiyohiyo boti ya wageni nayo ilitoka. Ilikuwa na wageni wanane, siku yao ya mwisho, hawajaona kitu, na wamenuna.

Saa mbili, Pacha aliokotwa akielea juu ya dumu. Mtumbwi ulikuwa umepasuka ukazama. Mwanawe Mama Sindano hakuonekana, wala siku ya pili, wala ya tatu. Ziwa halikumrudisha.

Mchana wa siku ile, mtu mmoja hotelini alisema Babu Shingo. Alasiri walisema kumi. Pacha alikuwa anatetemeka, hasemi. Walimchukua nyumbani kwa tajiri, wakampa nguo kavu na chai, na asubuhi iliyofuata akasema ameona shingo.

Siku ya nne wavuvi walimletea Mama Sindano wavu wa mwanawe, waliouokota ukielea kwa maboya yake. Walidhani atataka kuwa nao, na walikuwa na nia nzuri. Waliuweka sakafuni, wakaondoka kwa kunyata. Aliuvuta mpaka palipochanika, na akajua kabla hajakaa.

Nyuzi zilikuwa zimekatwa safi, mstari mmoja, halafu zikasokotwa kwa nguvu kwenye kitu cha mviringo. Ncha zilikuwa zimeyeyuka kwa moto wa kusuguliwa, zikaganda vichwa vidogo vigumu kama vya kiberiti. Na kila mahali grisi, nyeusi, inayonata. Hiyo ni propela, panga linalozunguka nyuma ya injini, haihitaji shule. Na mitumbwi ya pale yote ni ya makasia. Ziwa lote lile lilikuwa na boti moja tu ya injini.

Akapiga ukelele mpaka fundi viatu akaja mbio na kiatu mkononi.

"Wamempitia!" alilia. "Wamempitia mwanangu kwa boti, wakimtafuta mnyama ambaye hayupo! Wamempita kama takataka!"

Fundi viatu akauona wavu. Akagusa grisi, akanusa kidole. Kisha akasema polepole, "Shoga yangu, nenda ofisini. Usiongee na mtu njiani." Naye tangu hapo hakuongea tena juu ya jambo lile, kwani alishona viatu vya hoteli.

Mama Sindano alikwenda. Hakutaka kulipwa, wala hakutaka mtu afungwe; mwanawe asingerudi kwa hayo. Alitaka jambo moja tu liandikwe kwenye karatasi ya serikali, kwamba mwanawe ameuawa na boti. Usiku hakulala kwa sababu ya hilo, mchana hakula kwa sababu ya hilo.

Ofisi ya usalama wa majini ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, feni isiyozunguka na kalenda ya mwaka juzi. Afisa alikuwa kijana safi, kalamu tatu mfukoni. Tajiri alikuwa amefika mapema, amekaa upande wa dirisha, na miguuni pake kuna kitu kimefunikwa kitambaa. Nje, kwenye benchi, walikaa wavuvi walioitwa, na Pacha mwishoni kabisa.

"Mama, pole sana kwa msiba," afisa akasema.

"Asante, mwanangu. Tazama hapa."

Aliutandaza wavu juu ya meza, juu ya fomu na muhuri. Akamwonyesha ncha zilizokatwa, zilizoyeyuka, zilizosokotwa. Alieleza kama anavyofundisha mwanafunzi, bila kulia, na afisa akainama. Akagusa grisi, akaitazama kwenye kidole. "Hii ni grisi ya injini," akasema. Kwa dakika moja ile, haki ilikuwa mezani, inaonekana, inanuka.

Ndipo tajiri akainua kitambaa. Ilikuwa ile chupa.

"Mheshimiwa," akasema kwa upole, "huyu ni mama yangu. Alimshonea baba, ananishonea mimi. Hakuna anayejua nyavu kuliko yeye, na mimi naliamini neno lake kuliko la mtaalamu yeyote. Mama, nyuzi hizi nani alizifunga?"

"Mimi."

"Kila uzi maana yake nini?"

Mama Sindano akauvuta wavu karibu yake.

"Maana yake umeukagua wavu, ukaona umechanwa na Babu Shingo. Ndivyo?"

"Ndiyo desturi."

"Ziko zaidi ya mia mbili, Mama. Mara mia mbili umetuambia yupo. Wa mwanao ndio umechanwa na kitu kingine?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "Msiba unachanganya. Nyavu hulala kwenye gati langu, na gati lina grisi kila mahali."

Hakumkaripia, hakumtukana. Laiti angemtukana! Tusi Mama Sindano angelijibu. Alitazama chupa, nyuzi zake zote zimo humo, mafundo yake anayoyajua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini yeye alikuwa amekichimba ili watu wanywe.

Akapiga moyo konde.

"Nilidanganya," akasema.

Afisa akaweka kalamu chini. "Unasemaje?"

"Nyuzi zote hizo nilidanganya. Zilikuwa za magogo na miamba. Watu walikuwa na njaa, na mimi nikawafungia. Huyo mnyama hayupo, hajawahi kuwapo. Nimesema hivyo barazani kwangu miaka yote, muulize yeyote."

"Kwa hiyo ulikuwa unamdanganya mwenye nyavu, miaka yote hiyo."

"Ndiyo."

"Na leo unasema kweli."

"Leo nasema kweli."

Afisa akakuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo lisemwe. Alisema basi waitwe ndani wale waliofungiwa, wakikiri kwamba zilikuwa za magogo, maneno ya mama yatakuwa na miguu ya kusimamia. Mama Sindano akavuta pumzi. Hawa aliwajua. Hawa aliwaona wakilia.

Wa kwanza kuingia alikuwa yule wa kwanza kabisa, yule wa kizingitini. Mtoto aliyekaa vibaya siku zile sasa alikuwa mwalimu, na yeye babu mwenye mvi. Alivua kofia.

"Wavu wako ulichanwa na nini, mzee?"

"Na Babu Shingo, mheshimiwa."

"Haukuwa gogo?"

"Ingekuwa gogo ningesema gogo."

Alisema hivyo akiitazama kalenda. Wakaingia wa pili, wa tatu, mpaka sita. Watu sita, Babu Shingo sita. Mmoja aliongeza na macho, eti ni mekundu. Mama Sindano aliwasikiliza akiwa amekaa wima, na jambo lililomchoma zaidi ni kwamba aliwaelewa. Anayekiri gogo amekiri wizi, na tajiri yuko pale dirishani, ana kumbukumbu ya kila wavu. Watarudishaje ya miaka yote ile, na watavua kwa mtumbwi wa nani? Hata kuwachukia vizuri alishindwa. Tenda wema nenda zako, wanasema wahenga; hawakusema uende wapi.

Wa mwisho akawa Pacha. Alikuwa amekonda, na shati alilovaa lilikuwa jipya.

"Uliona nini?"

"Niliona shingo."

"Urefu gani?"

"Kama... kama mlingoti."

"Boti ya wageni uliiona?"

Pacha akapangusa uso kwa kiganja. "Ukungu ulikuwa mzito. Sikuona, mheshimiwa."

"Na masikio je?" Mama Sindano akasimama. "Injini mbili! Uliisikia au ulikuwa na pamba? Nitazame mimi, Pacha! Nani alikupa ubwabwa ukiwa huna meno?"

"Mama, tafadhali, kaa," afisa akasema.

Pacha hakumtazama. Alitoka akigonga bega mlangoni.

Afisa alishika kalamu, akakaa muda mrefu juu ya mstari wa "Chanzo cha ajali". Jina la Babu Shingo hakuweza kuliandika, huko makao makuu wangemcheka. Akaandika, "Mnyama wa majini." Akamgeuzia fomu Mama Sindano atie sahihi kama mzazi wa marehemu. Alikataa. Afisa hakumlazimisha, na fomu ikaenda bila sahihi yake, kumbe haikuihitaji.

Mlangoni tajiri alimshika mkono kwa mikono miwili. "Wavu huu nakuachia, Mama. Uwe kumbukumbu." Watu wa nje walisikia, wakasema yule bwana ana utu.

Kumbukumbu! Haya, aliufanya kumbukumbu. Aliutundika wavu nje, juu ya ukuta wa baraza, shimo likiwa limetazama barabara. Akaacha kucheka na kutania. Kila aliyepita alisimamishwa, akashikishwa zile ncha: hii ni propela, gusa, hii ni propela. Wengine waligusa, wakasema pole. Wengi walianza kupita njia ya nyuma. Wavuvi walipeleka nyavu zao kwa mshonaji mwingine, upande wa pili wa soko, mwanamke aliyeshona ovyo lakini alikuwa na uzi mwekundu mwingi.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, alisikia vishindo barazani. Alitoka akakuta wageni kama kumi, na mwongoza wageni wa hoteli amesimama mbele ya wavu, mkono ameuingiza kwenye shimo.

"Na hapa," alikuwa anawaambia kwa lugha yao, akionyesha meno kwa vidole, "ndipo alipopitisha meno. Mtazame ukubwa wa mdomo."

Mama Sindano alipiga kelele. Alisema boti, alisema propela, alisema mwanangu. Alimvuta mwongoza wageni shati. Wageni hawakujua lugha yake. Mmoja aliuliza kitu, mwongoza wageni akajibu kwa sauti ya chini, na nyuso zao zote zikajaa huruma. Kisha wakainua simu wakampiga picha na yeye, kanga imemvuka bega, amesimama kando ya shimo. Kesho yake walikuja wengine, wawili kati yao na maua.

Siku hiyo aliutoa wavu ukutani. Akafunga mlango mchana, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, na akalala kifudifudi juu ya saruji. Alilia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Ushahidi wa pekee wa kifo cha mwanawe ulikuwa umekuwa meno ya Babu Shingo. Akiuweka nje unamsaliti, akiuweka ndani hauna maana. Alipomaliza kulia alikaa, akavuta kigoda, akajaza uzi mweupe kwenye sindano ya pembe, akaanza kushona.

Alishona siku tatu. Alikata zile ncha zilizoyeyuka, moja moja, zikaanguka kwenye mkunjo wa kanga kama mbegu. Alisugua grisi kwa sabuni na majivu. Alifunga tundu kwa tundu, kipimo kilekile, mkazo uleule, hajawahi kushona vizuri namna ile maishani mwake.

Siku ya tatu alasiri mlango ulikuwa wazi tena, na mtu akasimama kizingitini na wavu begani.

"Hodi, Mama."

Ilikuwa sauti ya Pacha. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Nini?"

"Umechanika," Pacha akasema. "Yule wa sokoni ameharibu zaidi. Nimekuja... naomba unishonee. Na kama utaona vyema, Mama, unifungie. Mtoto wa tatu amezaliwa juzi."

"Umechanwa na nini?"

"Gogo."

"Afadhali. Kumbe kusema kweli unaweza."

Pacha aliinamisha kichwa, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia kilichokuwa mapajani mwa Mama Sindano. Aliutambua wavu. Akatafuta shimo na hakuliona, ila matundu machache yaliyobaki wazi, yanayoenea mkono mmoja. Wavu wake mwenyewe ukamporomoka begani.

"Mama! Mama, unafanya nini? Usishone hapo! Huo ndio ushahidi!"

Sindano ikasimama hewani.

"Ushahidi wa nini?"

Pacha akainama kuuokota wavu wake.

"Nauliza, mwanangu. Ushahidi wa nini?" Sauti yake haikuwa kali tena, ilikuwa inaomba. "Taja. Humu ndani tuko wawili. Taja kwa mdomo wako, na haki ya Mungu, nakata kila uzi nilioshona siku hizi tatu, tunaubeba hivi hivi mimi na wewe mpaka ofisini. Ncha zote ninazo, zipo kwenye kopo pale. Grisi iko kwenye kitambaa. Taja tu."

Nje, gatini, injini mbili ziliwaka. Boti ilikuwa inapeleka wageni wa jioni. Pacha aligeuka akatazama mlango, akamgeukia tena. Midomo yake ilicheza. Mama Sindano alimsubiri, na alimsubiri kweli, kwa roho yote, mpaka mlio wa injini ukapita mwamba wa mwisho na kupotea.

"Nina watoto, Mama," Pacha akasema.

"Najua. Nimekufungia mara tisa kwa ajili yao."

Pacha akaanza kulia. Alilia kama walivyokuwa wakilia wadogo, yeye na mwenzake, wakigombana juu ya kasia.

"Basi shika upande ule," Mama Sindano akasema. "Tundu la mwisho halifungiki bila mtu wa kuvuta."

Alikaa sakafuni, mahali palepale alipokuwa akikaa mwenziwe, akavuta. Mama Sindano akafunga tundu la kwanza, la pili, la tatu, akafika la mwisho. Akapiga fundo, akalikaza, akakata uzi kwa meno.

"Pitisha mkono," akamwambia. "Unaona palipochanika?"

Pacha akapitisha kiganja juu ya wavu, akarudia tena polepole, machozi yanamdondokea mikononi.

"Sioni, Mama."

"Ndivyo ulivyomwambia afisa."

Kisha akauvuta ule wavu mwingine, wa gogo, akabandua maganda, akaushona mpaka jua likashuka. Kwenye kamba ya maboya hakufunga kitu.